Tindikali au mchanga: mwamba wa gesi upasuliwe kwa kipi?

Vijana wanaosomea petroli hapa Hoima, magharibi mwa Uganda, hunirudia na swali lile lile: mwamba usiopitisha gesi vizuri, tuupasue kwa tindikali au kwa mchanga? Yaani, ufa ukishafunguliwa kwa majimaji ya shinikizo kubwa, kuta zake tuzichonge kwa tindikali, au tuujaze punje za mchanga usijifunge? Mimi huanza na jiwe lenyewe. Dondoshea jiwe la chokaa la Hima tindikali ya haidrokloriki ya asilimia 15: linatoa povu, linalika mbele ya macho yako. Dondoshea punje za kwatzi, madini makuu ya mchanga: kimya. Ndiyo maana tindikali ni ya chokaa na dolomiti, jiwe la jamii ya chokaa. Miamba yetu ya bonde la Albertine, ambayo ni ya mchanga ulioshikamana, haiihitaji.

Kwenye chokaa, tindikali haiachi chembe za kuziba kisima. Lakini hula mabomba, kwa hiyo dawa ya kukinga kutu ni lazima, na penye joto kali huisha nguvu mapema. Kuifanya nzito kwa jeli husaidia. Ubaya mkubwa ni huu: mwamba laini ukigandamizwa, mifereji iliyochongwa na tindikali kwenye ufa hujifunga.

Punje za mchanga au za kauri hushikilia ufa wazi, ila pampu na maji hugharimu zaidi.

Chokaa ngumu yenye nyufa za asili? Ningeanza na tindikali. Chokaa laini, kina kirefu? Mchanga.