Mgahawa wa Kiperu Market Street, Paterson: ceviche ya mchana na mishikaki ya moyo

Nianze na ushauri wenyewe: mkienda, nendeni mchana, na ceviche, samaki mbichi wa ndimu, iwe ya kwanza kuagizwa. Kwa Waperu hiki ni chakula cha mchana. Kule Lima, mji mkuu wao, migahawa mingi ya ceviche hufungwa kabla ya jioni, maana samaki wa asubuhi anatakiwa aliwe mapema, siku hiyo hiyo. Familia yenye mgahawa huu imeishika desturi hiyo hata hapa New Jersey, Marekani. Samaki akiisha alasiri, ameisha, na binti anayehudumia atakwambia waziwazi uchague kitu kingine. Hilo peke yake lilinifanya niwaamini.

Paterson ni mji wa viwanda vya zamani vya hariri na nguo, na Waperu wengi wa mwanzo walifika hapa kutafuta kazi za viwandani. Leo wamejaa kiasi kwamba Peru ina ubalozi mdogo mjini humu, na mwaka 2016 sehemu ya Market Street ilipewa jina la Peru Square. Kwa hiyo mgahawa huu haumpikii mgeni anayejaribu jaribu. Unawapikia watu waliokulia chakula hiki, ambao wakionja kitu kimepungua chumvi wanasema. Mama mwenye nyumba yuko jikoni, mumewe yuko kwenye tanuri la mkaa, watoto wao wanahudumia meza na kukaa kaunta. Meza zimebanana, televisheni ina mpira muda wote, na choo ni chembamba kweli. Nimeyasema hayo, basi, tuendelee na chakula.

Ceviche yao ni ya samaki mweupe aliyekatwa vipande vinene, akachanganywa na ndimu, chumvi, pilipili, kotmiri na vitunguu vyekundu vilivyokatwa vyembamba kama uzi. Haikai kwenye ndimu saa nzima. Inatayarishwa ukiwa umeshaagiza, ndiyo maana ukikata kipande unaona nje kumegeuka cheupe na katikati bado kumeng'aa. Pembeni pana mahindi ya Andes yenye punje kubwa kupita za kwetu, mahindi mengine makavu yaliyokaangwa yakawa yanavunjika mdomoni, na vipande viwili vya kiazi kitamu cha rangi ya chungwa kilichochemshwa. Msikidharau kiazi hicho. Ukali wa ndimu na pilipili ukizidi, unakula kidogo, ulimi unatulia, unarudi kwa samaki. Mchuzi unaobaki chini ya sahani wanauita leche de tigre, na wao huunywa. Binti aliponiona nauchota kwa kijiko aliniletea mwingine kwenye glasi ndogo, sikumwomba na hakunilipisha. Mwezi Desemba 2023 UNESCO iliingiza utayarishaji na ulaji wa ceviche ya Peru kwenye orodha yake ya urithi wa binadamu, na baada ya glasi ile sina swali.

(Kuhusu viazi vitamu vya rangi ya chungwa, Kituo cha Kimataifa cha Viazi makao yake makuu yako Lima, tangu 1971. Ndicho kilichofanya kazi kubwa ya kueneza viazi lishe Afrika, na mwaka 2016 wanasayansi wake watatu, akiwemo Robert Mwanga wa Uganda, walishiriki Tuzo ya Chakula Duniani kwa kazi hiyo. Nilifurahi sana kukutana na kiazi kile kwenye sahani ya Waperu wenyewe.)

Tulikuwa na mama mkwe wangu, amekuja kututembelea kutoka Tanga. Mtu wa pwani, samaki anamjua kuliko mimi, na samaki ambaye hajapita motoni hamtambui.

"Mama, onja kidogo tu."

"Mwanangu, huyo hajaiva. Kula wewe, mimi nitangoja."

Sikumlazimisha, na mpaka tunaondoka hakugusa. Lakini alingoja vizuri, kwa sababu zilipokuja anticuchos alisogeza kiti. Hii ni mishikaki ya moyo wa ng'ombe. Nyama inakatwa bapa, inalazwa kwenye siki, kitunguu saumu, bizari nyembamba na pilipili nyekundu kavu iliyosagwa, kisha inachomwa kwenye mkaa mkali. Jiko lao la kuchomea linaonekana kutoka mezani. Mama wa jikoni alikuwa anaipaka nyama viungo kwa brashi ya maganda ya mahindi, ameyachana ncha na kuyafunga upande mmoja. Kila akipaka, moto unaruka, na yeye anageuza kijiti bila haraka. Mama mkwe alimtazama muda mrefu, halafu akaniambia niulize brashi ile inafungwaje. Binti akatafsiri, mama yake akatoka nayo na kuja kutuonyesha mezani. Kihispania upande huu, Kiswahili upande ule, na walielewana vizuri kuliko mimi na binti tuliokuwa tunatafsiri.

Watu wengi wa Peru husimulia kuwa mishikaki hii ilikuzwa na Waafrika waliokuwa watumwa huko, ambao mabwana walichukua nyama nzuri wakawaachia moyo na matumbo. Utumwa Peru ulifutwa mwaka 1854, lakini mkono wa watu wale umebaki kwenye chakula cha nchi nzima. Umebaki pia kwenye tacu tacu, wali na maharage yaliyobaki jana, yanapondwa pamoja na kitunguu na pilipili, yanakaangwa kwenye kikaango mpaka ganda la nje likauke. Mama mkwe alikula yote, akasema, "Haya ndiyo mapishi ya mtu anayejua shida." Nililipokea neno hilo kwa uzito wake, na nilitamani walioanzisha mapishi hayo wangelisikia.

Kuku wa mkaa ndiye anayewajaza watu jioni. Kule Peru alianza miaka ya 1950 nje kidogo ya Lima, kwenye shamba la Mswisi Roger Schuler, aliyesaidiwa na mwenzake Franz Ulrich kutengeneza tanuri la kuzungusha kuku wengi kwa pamoja. Hapa ngozi ni nzuri mno, imeshika bizari na moshi mpaka mfupani. Kifua kwa siku hiyo kilikuwa kikavu, kwa hiyo ombeni paja. Sosi ya kijani inayoletwa nayo ichukueni kwa adabu, pilipili yake inachelewa kujitokeza.

Kilichoniangusha ni lomo saltado. Ni nyama ya ng'ombe iliyokaangwa kwa moto mkali na nyanya, vitunguu na sosi ya soya, urithi wa Wachina walioanza kupelekwa Peru kama vibarua mwaka 1849. Chipsi zinachanganywa humo humo, na wali unakuwa pembeni. Ikiwa nzuri, chipsi zinanyonya mchuzi huku zikiwa bado na uhai. Yetu ilikaa dirishani ikisubiri mtu wa kuileta, chipsi zikalegea na nyama ikakaza. Nilimwambia binti, akaomba radhi na kutaka kutubadilishia, lakini tulikuwa tumeshashiba.

Kwa wanaokula halali: ulizeni kabla ya kuagiza nyama au kuku, na msitegemee kwamba jibu ni ndiyo. Baadhi ya mapishi ya Kiperu huwekwa bia, hasa seco, ile nyama ya kotmiri, na hata viungo vya kuku wakati mwingine. Samaki wapo wa kutosha, na kwenye tacu tacu ulizeni kama wametia mafuta ya nguruwe. Pombe ya mezani si lazima. Agizeni jagi la chicha morada, kinywaji cha mahindi ya zambarau yanayochemshwa na maganda ya nanasi, mdalasini na karafuu, kikaachwa kipoe na kukamuliwa ndimu. Hicho kilitufaa kuliko Inca Kola, soda yao ya njano ya tangu 1935, ambayo kwangu ni tamu kupita kiasi.

Bei ni ya kawaida kwa eneo hili na sahani ni kubwa, mbili zinatosha watu watatu. Jumapili baada ya misa hakuna nafasi, na maegesho ya barabarani ni ya kugombania, basi ni heri Jumamosi saa sita. Mkipenda picarones, maandazi yao ya mviringo ya kiazi kitamu na boga yanayomwagiwa asali ya sukari guru, yaagizeni mkiwa bado mnakula. Huyakaanga palepale, na kwa sababu mama ndiye anayeyakaanga mwenyewe, hayaji haraka.