Kitalu cha mbao cha kuinuliwa kwa nyumba za upataji nafuu

Kwa bustani ya nyumba hizi, wanamokaa watu wanaoacha dawa za kulevya au pombe, kitalu hiki cha mita 1.2 kwa 2.4, kimo sentimita 60, tunakipendekeza. Mtu ambaye mwili bado haujapata nguvu hupanda akiwa ameketi ukingoni, bila kuinama hadi kizunguzungu. Wawili hufanya kazi wakitazamana, na mazungumzo huja yenyewe.

Kasoro yake ni ujazo: kinameza karibu mita za ujazo 1.7. Jaza nusu ya chini kwa matawi na majani makavu. Juu yake weka udongo sehemu mbili kwa mboji moja. Udongo utashuka, ongeza kila msimu. Samadi mbichi huunguza mizizi, na miche ikifa mapema, anayeanza hukata tamaa upesi. Ndiyo maana figili ni bora kuanzia: huvunwa ndani ya siku 25 hadi 30. Nyanya zisubiri.

Skrubu za pembeni hulegea mbao zikilowa na kukauka, zikazwe. Mikasi ihesabiwe kabla na baada ya kazi, viuatilifu vifungiwe. Mnanaha (gugu la datura) ukijiotea humo, ung'oeni kabla haujatoa mbegu: ni sumu, na wapo wanaoutumia kulewa.