Chai ya Kiingereza pale Greenwich Avenue

Jamani mkiwa New York na mmechoka na kahawa za kwenye vikombe vya karatasi, nendeni mgahawa wa Tea & Sympathy pale Greenwich Avenue, Manhattan. Mwenyewe ni mama wa London, Nicky Perry, alifungua 1990 na mpaka leo ndo kama kijiwe cha Waingereza walioko ugenini. Ndani padogo aisee, mnabanana kama daladala ya jioni, halafu mabirika hayafanani hata mawili, kikombe changu maua sahani yake mistari, yaani kabati la bibi kabisa. Chai kali, maziwa unatia mwenyewe tena ya baridi, hawachemshi nayo kama sisi, mi mwanzo niliguna lakini ilipokuja skoni ya moto na jamu na ile krimu nzito nikanyamaza. Pembeni wana duka, kuna mzee alikuwa kakumbatia makopo ya maharage ya Heinz kama kapokea mzigo wa nyumbani, nikakumbuka mimi na unga wangu wa sembe. Ndo haohao wenye mgahawa 2007 waliopigania kile kipande cha mtaa kiitwe Little Britain, yaani Uingereza Ndogo, haikupita. Nendeni siku za kazi, wikendi foleni inatoka mpaka nje.