GeoMapApp: programu ya bure ya kupimia mteremko wa sakafu ya bahari

Kwa miaka mingi nilifundisha volkeno za baharini kwa mchoro mmoja wa ubaoni, mlima uliochongoka ukishusha lava pande zote sawasawa, hadi nilipopakua GeoMapApp, programu ya ramani ya kituo cha Lamont-Doherty cha Chuo Kikuu cha Columbia, nikaona jinsi mchoro ule ulivyokuwa ukiwanyima wanafunzi jambo la msingi: umbo la mahali lava inapopita.

Niliijaribu kwa Axial, volkeno iliyo takriban kilomita 480 magharibi ya pwani ya Oregon, Marekani, iliyolipuka mwaka 1998, 2011 na 2015. Kifaa ninachokipenda kuliko vyote ni kile cha kuchorea mkato: unavuta mstari kwa kipanya, na dirisha linafunguka likiwa na kina cha bahari kwa kila umbali. Ndani ya kaldera, yaani bonde kubwa lililobonyea kileleni mwa volkeno, mstari karibu unalala. Ukivuka ukingo wake, unaporomoka.

Tofauti hiyo ndiyo somo lenyewe. Lava inayotoka kwa wingi penye tambarare hutanda na kutuama kama bwawa, juu ikiganda huku chini ingali ya moto, na ikishachuruzika, dari lake hubomoka na kuacha mashimo na nguzo za mawe. Penye mteremko mkali uzito wake huivuta, mabonge yanayofanana na mito ya kulalia hurefuka kama mirija, na mengine hukatika yakawa kifusi. Hata hivyo mteremko hauamui peke yake, kwa kuwa kasi ya kutoka nayo ina nguvu: mwaka 2015, kwenye ufa wa kaskazini wa Axial, lava ilirundikana hadi unene wa mita 127 badala ya kukimbia.

Mchoro wa mkato hukuzwa kwa wima, kwa hiyo usikadirie pembe kwa macho, piga hesabu. Mshuko wa mita 100 katika kilomita 2, ambao kwenye skrini waweza kuonekana kama genge, haufiki nyuzi 3. Vilevile, sehemu zisizopimwa kwa sona za meli, yaani vifaa vinavyopima kina kwa mwangwi wa sauti, hujazwa kwa makadirio ya setilaiti, yasiyoonyesha mikondo midogo ya lava, kwa hiyo mimi huanza kwa kutazama ni wapi meli zimepita, ndipo nivute mstari.