Umra na kikundi cha hapa Tanga: hoteli hapana, maalim ndiyo

Wale mnaouliza kila siku twende umra na nani, mi nimerudi wiki mbili zilizopita na bi mkubwa wangu, tulienda na kikundi kimoja cha hapa hapa Tanga, jina silitaji maana nina malalamiko na sitaki ugomvi na watu ninaoswali nao safu moja.

Nianze na ubaya uishe. Hoteli ya Makka tuliambiwa iko karibu na Haram, ule msikiti wenye Kaaba, karibu yenyewe dakika 25 kwa mguu na mama ana magoti, chakula cha usiku kimepoa karibu kila siku, basi la kutoka Madina tumelisubiri toka saa mbili asubuhi mpaka adhuhuri imepita.

Sasa maalim wao. Darsa zilianza Ngamiani mwezi mzima kabla ya safari, siku ya kwanza wala hakugusa mambo ya ihramu, akamgeukia kijana mmoja, we unakaa wapi? Ngamiani. Haya, ngamia wako wapi? Tukacheka, akasema na majina ya huko tuendako ni hivyo hivyo, msipite juu juu.

Kumbe hatanii, kila kituo anashika kipaza sauti. Pale Abyar Ali tulipovaa ihramu akasema maana yake visima vya Ali, ila kwenye hadithi ni Dhul Hulayfa, jina la majani ya porini. Vilima viwili vya kutembea kati yake mara saba, Safa ni jiwe laini, ndo ndugu yake "safi" yetu, Marwa ni mawe meupe magumu. Mama kamaliza mara ya saba pale Marwa anahema, ananiambia "mwanangu, haya magumu nimeyaona".

Ila utamu ni siku ya ziyara. Umra haina kusimama Arafa, hilo la hija tarehe 9 ya Mfunguo Tatu, lakini basi linawazungusha. Muzdalifa ni kusogea karibu, na ina jina lingine, Jam', hapo mahujaji wanaunganisha Magharibi na Isha, maalim akasema ndo hiyo jamii, ndo jamaa, ndo Ijumaa, mnalisema kila siku hamjui. Mina wengi wameitoa kwenye kumwagika, damu za wanyama wa kuchinja. Na tarehe 8 inaitwa Tarwiya kwa sababu zamani watu walijaza maji siku hiyo, huko mbele maji hayakuwepo.

Arafa, kama kilomita 20 toka Makka, akatupa kauli mbili: wapo wanaosema Adam na Hawa walitambuana hapo baada ya kutengana, wapo wanaosema Jibril alimfundisha Ibrahim ibada akamuuliza umejua? akajibu nimejua. Hakulazimisha moja, hapo ndo nilimpenda. Akamalizia maarifa, taarifa, kuarifu, shina moja. Mama na darasa lake la nne kaninong'oneza "kumbe Kiarabu nusu nakijua", toka hapo kila jina anataka kulipasua mwenyewe, hata Jeddah uwanja wa ndege kamshika maalim, akaambiwa wengine wanasema ni jadda yaani bibi, kwa ajili ya Hawa, wengine wanasema ni pwani tu.

Darsa nyota tano, hoteli mbili na moja ni ya huruma. Mkienda nao ulizeni kwanza kama anayeongoza ni yule mzee, nasikia msafara unaofuata anaenda mwingine, na hoteli wawaonyeshe kwenye ramani kabla hamjatoa hela.