Sweta la "sufu 100%" lisilo na sufu: uzoefu wangu

Nyota mbili. Moja ya mishono, moja ya kurudishiwa pesa.

Niliagiza sweta hili mtandaoni kwa kampuni niliyoizoea. Limetengenezwa ng'ambo, na lebo ya shingoni inasema sufu 100%. Mwanzoni sikuwa na neno: linakaa vizuri mwilini, mikono haibani.

Kilichonitia shaka ni cheche. Kila nikilivua usiku linatatarika na kunisimamisha nywele. Likaota na vidonge vya nyuzi makwapani, ingawa hilo si ushahidi, maana hata sufu halisi huota. Halafu jasho! Nusu siku tu linanuka, wakati sweta langu la zamani nikilianika upeponi harufu inakwisha.

Nikachomoa uzi ndani ya pindo, nikaushika kwa koleo juu ya sinki, nikautia kiberiti. Sufu huungua kwa kusuasua, hunuka kama nywele zilizoungua, na majivu yake husagika kwa vidole. Uzi wangu ulishika moto kwa pupa, ukayeyuka, ukaacha kidonge cheusi kigumu kama punje ya pilipili manga. Sikutosheka. Nikalowesha uzi mwingine kwenye dawa ya klorini ya kupaushia nguo, ambayo huyeyusha sufu, na kwenye kikombe cha pili nikatia uzi wa sweta la zamani. Kulipokucha, wa zamani haupo. Mpya unaelea, mzima kabisa. Sina maabara, lakini kwangu hiyo ni akriliki, yaani nyuzi za plastiki zinazoiga sufu.

Huduma kwa wateja walijibu upesi kwamba maelezo ya lebo huyapokea kutoka kiwandani. Pesa walirudisha, sikatai. Ila jibu lenyewe ni la kutupiana mpira. Jina lililo shingoni mwa sweta ni lao, si la kiwanda. Sampuli iliyopimwa kabla ya kusaini mkataba si lazima iwe uzi ule ule ulioingia mashinini miezi kadhaa baadaye, hasa kiwanda kikimpa mwenzake kazi kimyakimya. Dawa yake ni kuchomoa nguo chache katika kila shehena na kuzipima upya, bila kumpigia hodi mtengenezaji.

Na inawezekana. Mwaka 2016 Target, kampuni ya maduka ya Marekani, ilichunguza yenyewe shuka zilizouzwa kama pamba ya Misri, ikakuta mtengenezaji wake, Welspun ya India, ametumia pamba nyingine kwenye shuka na foronya zipatazo 750,000. Ikaziondoa madukani, ikarudishia wateja pesa na kuvunja biashara na Welspun. Walichelewa, miaka miwili hivi shuka zikiwa sokoni, lakini angalau walizichunguza.

Hawa wangu niliwauliza kama wataliondoa sweta hilo sokoni. Kimya. Jana nimechungulia ukurasa wao: rangi mbili mpya zimeongezwa, sufu 100%.