Genichiro alinipiga wiki tatu: uzoefu wangu na Sekiro

Aliyeniuzia diski aliniambia, "Kaka, hii imenishinda, chukua tu." Nikadhani ni maneno ya kibiashara. Ilikuwa diski ya PS4 iliyotumika, elfu 60, kava lina mkwaruzo pembeni. Nililipa nikijiona mjanja.

Gemu yenyewe ni Sekiro: Shadows Die Twice. Ilitoka Machi 2019, kazi ya FromSoftware wa Japani, na Desemba ya mwaka huo huo ikabeba tuzo ya gemu bora ya mwaka kwenye The Game Awards. Mimi nimeifikia nikiwa tayari nimemaliza Elden Ring, gemu yao nyingine, kwa hiyo niliingia kifua mbele. Nilijua hawa jamaa wanavyotengeneza mabosi wao, yaani wale maadui wakubwa, nilijua nitakufa sana, nilijua pia jinsi ya kukwepa. Kule Elden Ring, bosi aitwaye Margit aliponitoa jasho pale mlangoni mwa ngome nilimwacha, nikaenda zangu kuzurura, nikapandisha levo, nikarudi na roho wa kunisaidia na silaha nzito, nikamfagia. Watu wanaita ujanja, na ni ujanja kweli. Ila ukiniuliza leo Margit anapigana vipi, siwezi kukueleza. Sikuwahi kumjua.

Sekiro haina mlango huo wa nyuma. Wewe ni Wolf, ninja aliyekatwa mkono mmoja, na upanga wako ni ule ule mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Hakuna levo za kupandisha, hakuna rafiki wa kumwita, hakuna mahali pa kuchagua "rahisi". Nguvu ya kupiga inaongezeka hasa kwa kushinda mabosi. Kwa hiyo bosi akikukalia kooni, kuna mambo machache tu ya kando unayoweza kufanya. Baadaye utarudi kwake.

Gyoubu, bosi yule wa kwenye farasi, sikumwona mgumu. Anakuja mbio huku akilitangaza jina lake lote uwanja mzima usikie, unamrushia fataki, farasi anashtuka, unampiga. Nikaona aliyeniuzia diski ni mvivu tu.

Halafu nikapanda juu ya ngome ya Ashina.

Bosi wa huko juu ni Genichiro, ndiye aliyekukata mkono mwanzoni, kwa hiyo kuna deni baina yenu. Ana upanga mrefu, ana upinde, na hana adabu: ukirudi nyuma kidogo unywe dawa, mshale huo hapo. Siku ya kwanza nilikufa mara nyingi kiasi cha kuacha kuhesabu, na mara nyingi nikifa kweli kweli, yaani bila kufufuka tena, gemu inanikata nusu ya sarafu na nusu ya pointi nilizokuwa nazikusanya. Nilikuwa napigana kama nilivyozoea kwingine. Nakwepa, nazunguka, nachoma kidogo, nakimbia. Mtindo wa mwizi wa kuku.

Nieleze hapa mfumo ulivyo, maana hapo ndipo utamu wote ulipo. Adui ana mistari miwili. Mmoja ni wa uhai, juu kushoto. Mwingine uko juu katikati, rangi ya njano inayoelekea machungwa. Mimi nauita mstari wa kuyumba. Kila unapompiga, na kila unapopangua upanga wake kwa wakati sahihi, ule mstari unajaa. Ukijaa wote anafunguka, unammaliza kwa pigo moja hata kama uhai wake bado umebaki. Lakini ukimwacha apumue, mstari unashuka. Na kadiri uhai wake ulivyo mwingi ndivyo unavyoshuka haraka. Kwa maneno mengine, kila nilipokimbia kwenda kunywa dawa nilikuwa namfutia deni lake kwa mkono wangu mwenyewe.

Kupangua ni kitufe cha L1, kama kipa anavyopangua mpira: unabonyeza pale chuma kinapofika. Ukipangua vizuri cheche zinaruka na mlio unakuwa mkali, ting! Ukiwahi inakuwa kukinga tu, mlio unakuwa mzito, na wewe ndiye unayeyumba; ukichelewa, upanga umekupata. Na usidhani utaidanganya kwa kuibonyeza L1 mfululizo kama mtu anayegonga mlango wa chooni. Ukiibonyeza hovyo, nafasi ya kupangua inazidi kubana.

Mpwa wangu ana miaka 11, anaishi na sisi hapa Tabata, na hakutakiwa kuwa macho saa hiyo. Alikuwa amejilaza kwenye kochi akijifanya amesinzia. Wiki ya pili, baada ya kifo sijui cha ngapi, nikasikia sauti, "Mjomba, mbona kila akija wewe unarudi nyuma? Akikupiga mara nyingi si anachoka?"

Nilimwambia akalale. Kisha nikajaribu.

Nikasimama. Genichiro akaja na ule mkururo wake mrefu wa mapanga, nikabaki pale pale, nikafumba nusu jicho na kusikiliza badala ya kuangalia. Ting, ting, ting-ting. Kuna mapigo yanakuja kwa mwendo mmoja kama mtu anatwanga, halafu kuna kituo kidogo, halafu moja la mwisho linachelewa. Lile la kuchelewa ndilo lililokuwa linaniua siku zote, nilikuwa naliwahi. Nikalingoja. Ting! Mstari wake ukapanda kuliko nilivyowahi kuuona. Nikamvamia mimi.

Kuna jambo moja lilibaki. Anaruka juu, anashuka na upanga, kisha inawaka herufi nyekundu ya Kijapani, alama ya hatari. Baada ya hapo ama anachoma mbele, ama anafyeka miguu. Akichoma, unabonyeza duara bila kurudi nyuma, Wolf anaukanyaga upanga chini. Mbinu hiyo inaitwa Mikiri na usipoinunua mapema utajuta. Akifyeka, unaruka. Ukikosea, umekwenda. Siri ni kutoiangalia ile herufi. Angalia ncha ya upanga: ikivutwa nyuma usawa wa kifua, anachoma.

Na Genichiro haishi kwa pigo moja la mwisho: unapommaliza mara mbili anavua deraya, anaanza kutumia radi. Mara ya kwanza kufika hapo nilifurahi mno, nikasimama kutafakari, radi ikanipata nimekanyaga ardhi. Dawa yake ni kuruka, uipokee ukiwa hewani, na umrudishie kwa R1 kabla hujatua. Mara ya pili kufika hapo Luku iliisha. Yuniti sifuri, giza, kimya, mke wangu kutoka chumbani, "Si nilikukumbusha jioni?" Alinikumbusha kweli. Nilipowasha tena Genichiro alikuwa pale amejaa uhai wote.

Lawama zangu? Kamera. Ukibanwa kwenye pembe unaona ukuta na mgongo wako, bosi humwoni, na hilo halina uhusiano wowote na umahiri wako. Wale Headless, mizuka isiyo na vichwa, nao sikuwapenda. Unatembea kama unavuta tela matopeni, na bila unga maalumu wa kupaka upanga unapoteza muda tu. Ugonjwa unaowakumba watu unaokutana nao kwenye gemu ukifa sana unatisha masikioni, kumbe unatibika bila shida kubwa. Maandishi ni madogo kwa TV ya inchi 32. Na yule nyani mkubwa, mlinzi wa bonde, unamkata kichwa, maandishi ya ushindi yanatokea kwenye skrini, unaweka padi chini unyooshe vidole... sitamalizia. Usiweke padi chini.

Kama una saa moja ya kucheza kwa siku na unataka kuona hadithi ikisonga, usinunue. Utakaa juu ya paa moja nusu mwezi. Kama unataka kupigana na mtu mpaka umjue anavyopumua, elfu 60 ni bei ya bure.

Ilikuwa Jumamosi, saa sita usiku na ushee. Nilimrudishia radi mara mbili, mstari ukajaa, nikamaliza. Sikuweza hata kupiga kelele, nyumba nzima imelala. Asubuhi nikamsubiri mpwa wangu kwenye chai.

"Nimemshinda."

"Amekufa?"

"Hapana. Aliinuka, akaruka nje ya ngome, akakimbia."

Akachovya andazi kwenye chai, akafikiri. "Basi atarudi huyo, Mjomba."